Dorothy Hodgkin na Umbo la Insulini
Mkemia Mwingereza Dorothy Hodgkin alizaliwa Cairo, Misri, mwaka 1910. Mwaka 1934 alipiga picha ya fuwele ya insulini kwa mionzi ya eksirei. Picha ilionesha madoa tu; kuyageuza kuwa ramani ya atomu kulihitaji hesabu zisizowezekana kwa mkono, nazo kompyuta hazikuwapo. Wakati huohuo baridi yabisi ilianza kumlemaza vidole. Alibainisha kwanza umbo la penisilini, kisha vitamini B12 kwa msaada wa kompyuta nchini Marekani. Habari za Tuzo ya Nobel zilimkuta Ghana mwaka 1964. Insulini, tegemeo la wagonjwa wengi wa kisukari, ilimtaabisha zaidi: umbo lake lilipatikana mwaka 1969, baada ya miaka 35. Alifariki mwaka 1994.