Hobday: Tabibu aliyewapigania farasi wapate pumzi

FARASI anapotimka mbio uwanjani, pumzi ndiyo mtaji wake. Hawezi kupumua kwa kinywa kama binadamu; hewa yote sharti ipite puani na kwenye zoloto kabla ya kufika mapafuni. Njia hiyo ikizibana, hata mwenye miguu ya upepo huachwa nyuma na wenzake.

Tatizo hilo ndilo lililompa umaarufu Frederick Hobday, daktari wa mifugo aliyezaliwa mjini Burton-on-Trent, Uingereza, mwaka wa 1869. Alihitimu mwaka wa 1892 katika Chuo cha Kifalme cha Utabibu wa Mifugo jijini London, na haukupita muda mrefu kabla ya kuwa profesa papo hapo. Tangu ujanani alishikilia kuwa mnyama, sawa na mtu, hapaswi kupasuliwa bila dawa ya kumwondolea maumivu.

Enzi hizo, farasi aliyenguruma akikimbia alikuwa hasara kwa mwenyewe. Chanzo cha mngurumo ni neva inayoendesha upande wa kushoto wa zoloto. Neva hiyo ni ndefu mno: hushuka shingoni hadi kifuani, huzunguka mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, kisha hupanda tena hadi kooni. Ikidhoofika, msuli unaofungua zoloto hunyauka. Farasi akiwa malishoni huenda asionyeshe dalili yoyote. Akikimbia, gegedu na ukanda wa sauti wa upande huo huvutwa ndani na nguvu ya hewa, lango likawa jembamba, na mngurumo ukasikika kila anapovuta pumzi. Waathiriwa wakuu ni farasi warefu wa kimo, ndio hao hao waliotegemewa mbioni, mawindoni na jeshini.

Upasuaji wa kutibu kasoro hiyo haukubuniwa na Hobday. Ulistawishwa na Mmarekani W. L. Williams wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwanzoni mwa karne ya 20. Daktari hutoa utando ulio ndani ya kifuko kidogo kando ya ukanda wa sauti. Kidonda kinapopona, kovu huuvuta ukanda huo pembeni na kuiachia hewa nafasi. Hobday alijifunza mbinu hiyo, akaifanya kwa farasi wengi na kuieneza Uingereza. Jina lake likashikamana nayo hata likawa kitenzi katika Kiingereza.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza aliwahudumia wanyama wa jeshi nchini Ufaransa na Italia. Mwaka wa 1927 aliteuliwa mkuu wa chuo kilichomlea, akakikuta majengo yake yamechakaa vibaya. Hakuona haya kubisha milango ya matajiri na maskini akiomba michango ya kukijenga upya. Mwaka wa 1933 alitunukiwa cheo cha Sir.

Hata hivyo, mvuna si lazima awe mpanzi. Hobday alistaafu mwaka wa 1936, na majengo mapya yalipofunguliwa na Mfalme George VI mwaka wa 1937, ukuu wa chuo ulikuwa mikononi mwa mwingine. Aliaga dunia mwaka wa 1939.

Sayansi ya baadaye imebaini kwamba upasuaji huo pekee hupunguza mngurumo kuliko unavyorejesha kiasi kamili cha hewa. Tangu 1970, madaktari hulivuta gegedu kando na kulifunga kwa uzi, na siku hizi kamera ndogo huonyesha zoloto farasi akiwa mbioni. Lakini hayo hayajamfuta Hobday. Ni yeye aliyewafanya wenye farasi waamini kwamba mnyama anayenguruma bado anastahili kutibiwa.