Hasan bin Sulaiman wa Kilwa: Sultani wa Dhahabu, Sarafu za Shaba

Faranga moja ya Burundi ya mwaka 1965 ilikuwa ya shaba ya manjano. Kufikia 1970 ilishakuwa ya alumini, nyepesi kama kifuniko cha chupa, na bado ikaitwa faranga moja. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, Waislamu walipitia mabadiliko ya namna hiyo mapema zaidi. Sultani ninayemleta leo alizikuta sarafu za shaba zikitumika, akaziendeleza, huku dhahabu ikipita bandarini kwake.

Hasan bin Sulaiman alikuwa wa ukoo wa Mahdali, watu wenye asili ya Yemen, ambao walishika utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13 kupitia babu yake, Hasan bin Talut. Historia ya Kilwa inasimulia kwamba akiwa bado kijana alikwenda Aden kusoma elimu ya dini, kisha akahiji. Alipokuwa ugenini, ndugu yake Daud alimshikia kiti, na aliporudi akamkabidhi bila vita. Kwa wanaojua jinsi madaraka yanavyogawa ndugu, hilo peke yake ni jambo la kusimuliwa. Alitawala tangu mwaka 1310 hivi.

Kilwa ya wakati wake ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala. Kwa utajiri huo Hasan aliupanua Msikiti Mkuu, na juu ya jabali linalotazama bahari akajenga Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea lenye pembe nane. Magofu yake yapo hadi leo, kusini mwa Tanzania.

Lakini mtu aliyekwenda sokoni Kilwa kununua samaki hakulipa dhahabu. Zamani zaidi pwani ilikuwa na sarafu ndogo za fedha. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ziliokotwa zaidi ya 2,000 zilizofukiwa pamoja karibu karne ya 11. (Kiswahili hakijasahau: pesa zote tunaziita fedha, hata zikiwa karatasi.) Baadaye, Kilwa ikapiga za shaba. Muundo ukabaki ule ule: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili zikiwa na vina kama ushairi. Tarehe haipo. Thamani haikuandikwa.

Hapo ndipo jambo lilipo. Dirhamu ya fedha hata ukiiyeyusha inabaki mali. Kipande cha shaba kinapokelewa kwa sababu anayekipokea anamwamini aliyekipiga, na anaamini kwamba jirani yake naye atakipokea kesho. Ndiyo maana sarafu za Kilwa zimeokotwa kwa wingi Kilwa kwenyewe na Mafia, na mbali ya hapo ni chache sana. Mfanyabiashara wa ng'ambo alitaka dhahabu na pembe za ndovu. Shaba ilibaki mjini na wenye mji. Wanaosoma fiqhi ya muamalati watakumbuka kwamba madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya pwani, hayaziweki fulusi za shaba katika hukumu ya riba pamoja na dhahabu na fedha. Mjadala huo unatugusa sisi tunaobeba noti kuliko ulivyowagusa wao.

Hasan alipiga dhahabu pia. Sarafu tatu tu za dhahabu zenye jina lake ndizo zinazojulikana. Kwa maoni yangu hizo hazikuwa za soko, zilikuwa za heshima.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa akamkuta. Anamsifu kwa unyenyekevu: alikula pamoja na mafakiri, aliwaheshimu wanazuoni, na katika mali ya ngawira alitenga khumsi kama Qur'ani inavyoelekeza, fungu la jamaa wa Mtume (s.a.w.) akaliweka mbali, akawagawia masharifu waliomjia kutoka Hijazi na Iraq. Watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Siku moja ya Ijumaa, akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa.

Kisa hiki husimuliwa sana, na mara nyingi huishia hapo. Hakiishii hapo. Mwana wa sultani alizirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani, alipoona watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Na ngawira ile iliyogawiwa vizuri hivyo ilitokana na mashambulizi dhidi ya watu wa bara, Waafrika kama sisi. Sisi tunaoishi upande huu wa ziwa, ambako misafara ya watumwa ilifika karne nyingi baadaye, hatuwezi kuusoma ukarimu wa Hasan bila kuuliza ulilipwa na nani. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kumhukumu. Sisi tuna wajibu wa kusimulia kisa chote.

Alifariki karibu mwaka 1333, na Daud akarudi kwenye kiti. Ibn Battuta anaeleza kwamba huyu alikuwa kinyume chake: mwombaji alipofika aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Wageni waliokuwa wakingoja miezi mingi mlangoni walipewa kidogo mno, mpaka wakaacha kuja.

Dhahabu ya Kilwa ilitawanyika ng'ambo. Shaba ya Hasan imebaki ardhini, na kipande kimoja chenye jina lake kiliokotwa Great Zimbabwe, bara kabisa, katika nchi ilikotoka dhahabu iliyomtajirisha. Huko hakikuwa na thamani ya kununua chochote.