Kabla Upande Mlima Kenya, Mjue Kivoi: Msee Aliyetuachia Jina na Kuuawa Akielekea Tana

Najua mbogi yako imeshaanza kuchanga doh. Desemba mnapanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985 juu, baridi inawapiga mpaka simu zinazima, mnachapa picha na bendera, mnashuka. Na kama bado mko na nguvu, mnarudi barabarani: Mwingi, Garissa, Bura, Hola hadi Garsen, mkifuata mto Tana ukiteremka kwenda baharini.

Hiyo ni tripu fiti. Lakini kabla ulipe mtu wa kukuonyesha njia, kuna jamaa wa kitambo unafaa kumjua. Alikuwa anafanya hiyo kazi kabla kuwe na geti la KWS, kabla hata kuwe na nchi inaitwa Kenya. Jina lake Kivoi wa Mwendwa.

Hustler wa pembe

Kivoi alikuwa Mkamba wa Kitui. Shuleni ulifunzwa kumwita Chifu Kivoi, lakini usidanganyike na hicho cheo. Wakamba wa enzi hizo hawakuwa na machifu, hao waliletwa na serikali ya mkoloni baadaye. Nguvu yake ilitoka kwa biashara. Alikuwa anapeleka pembe za ndovu Pwani, na misafara ya Wakamba ilikuwa inarudi bara na vitambaa, shanga na waya wa shaba.

Hapo hakuna mat wala lori. Ni mguu, kupitia nyika kavu ambayo ukikosea kisima unakufa kiu. Kiongozi wa msafara alifaa kujua maji yako wapi, nani ni rafiki, nani atawavizia, na bei ya pembe ni ngapi. Huyo ndiye aliyekuwa ramani yako.

Na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: Kivoi hakuwa malaika. Nyumbani kwake kulikuwa na watumwa. Hiyo pia ni sehemu ya stori yake.

Mgeni kutoka Rabai

Sasa ingia Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akazika mke wake Rosina na mtoto wao mchanga. Alibaki. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaanzisha misheni Rabai, na Mei 1848 Rebmann akaona theluji ya Kilimanjaro.

Novemba 1849 Krapf alitoka Rabai kwa miguu kwenda Ukambani. Karibu wiki nne za kutembea, ndipo akafika kwa Kivoi. Mzee alimpokea, na akampa habari nzito: Kilimanjaro alikuwa ashauona kwa macho yake, na kuna mlima mwingine mweupe kileleni, mwendo wa siku kama 6 kutoka hapo kwake.

Desemba 3, 1849, mawingu yakafunguka. Krapf akiwa hapo karibu na boma la Kivoi aliona mlima wenyewe kwa mbali, na vilele viwili vimesimama kama pembe. Sisi leo tunaviita Batian na Nelion. Jina aliloandika ni lile alilolisikia Ukambani, akaliandika vile sikio lake lilishika: Kenia, Kegnia. Wakamba huuita Kiinyaa, na wengi hulihusisha jina hilo na mbuni dume, mweusi na mweupe kama mwamba na theluji.

Huko Ulaya wataalamu waliokaa kwa viti vyao walicheka. Theluji Ikweta? Acha jokes. Ilibidi Joseph Thomson aje 1883 auone mlima ndipo kelele zipungue. Halford Mackinder alipofika Batian 1899, alikuwa na waelekezi wawili wa milima ya Alps, Ollier na Brocherel. Unaona hiyo trend? Nyuma ya kila jina kubwa kuna mtu aliyejua njia.

Safari ya mwisho

1851 Krapf alirudi Kitui. Alitaka kuona Tana, ajue kama mto huo unaweza kuwa njia ya kuingia bara. Kivoi akakubali kumpeleka, akakusanya msafara wakatoka.

Hawakufika pamoja. Mto ukiwa umebaki mwendo mfupi tu, majambazi waliwaruka kutoka msituni. Wengi kwa msafara walitoka mbio. Kivoi hakutoka. Aliuawa hapo pamoja na watu wake wa karibu.

Krapf alikimbia peke yake, kiu ikamsukuma mpaka kwa maji ya Tana. Alikunywa, akajaza maji kwa mfuko wa darubini yake na kwa mitutu ya bunduki, akaanza kurudi akitembea usiku. Alipofika kwa kina Kivoi, familia ilimwangalia kwa jicho baya. Mzee wao amekufa, mgeni amerudi mzima, kivipi? Alihofia maisha yake, akatoroka usiku hadi Rabai.

Yeye alirudi Ulaya na kuandika vitabu. Kivoi hakuandika kitu.

Ukifika Garsen

Mahali alipouawa ni mbali sana na Garsen, ni huko juu kabla mto ugeuke kuelekea Pwani. Lakini maji ni yaleyale. Tana inabeba maji ya Mlima Kenya na Aberdare, inatembea kama kilomita 1,000, inapita kwa mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma, kisha inamwagika baharini karibu na Kipini. Ukisimama kwa daraja la Garsen, unaangalia theluji iliyoyeyuka na mvua za huko juu.

Na kuna kitu kingine. 1920 Waingereza walichukua jina la ule mlima wakaliita koloni lao, na 1963 tukalibeba hadi uhuru. Mwaka huohuo, melodi ya wimbo wa taifa ikatolewa kwa wimbo wa mama Mpokomo akibembeleza mtoto. Jina letu limetoka upande wa juu wa mto huu, melodi upande wa chini. Hilo jina lilimfikia Krapf akiwa mgeni wa Kivoi, na Kivoi alikufa akimpeleka huyohuyo mgeni mtoni.

Kwa hivyo Desemba ukifika Lenana, kabla upost, muulize yule msee aliyekupandisha usiku na tochi anaitwa nani. Jina lake liweke kwa kepsheni, kabla ya lako.