Dk. Mondlane: Msomi aliyewataka wanafunzi waende Nachingwea

JINA la Nachingwea, kama lilivyo la jirani yake Ruangwa, humkumbusha msomaji wa mjini korosho na ufuta. Wazee hukumbuka pia mashamba ya karanga ya Waingereza, mradi mkubwa ulioanza mwaka 1947 na kufa baada ya miaka michache tu. Lakini kwa vijana wa Msumbiji waliokuwa wakisoma Dar es Salaam katika miaka ya 1960, jina hilo lilikuwa zito. Huko ndiko ilikokuwa kambi kuu ya mafunzo ya kijeshi ya FRELIMO, na kwenda huko kulimaanisha kufunga daftari na kushika bunduki.

Aliyewataka waende alikuwa mwenye shahada ya uzamivu kutoka Marekani, Dk. Eduardo Chivambo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO. Maisha yake yote, tangu utotoni hadi siku aliyouawa, yalizunguka shule na vitabu. Ndiyo maana mgogoro wake na wanafunzi unastahili kusimuliwa upya.

Alizaliwa Juni 20, 1920 katika mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, mtoto wa chifu. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo, na mama yake ndiye aliyemhimiza kwenda shule. Chini ya Wareno mtoto mweusi hakutarajiwa kuvuka elimu ya msingi, hivyo wamisionari wa Kiswisi walimsaidia kuvuka mpaka akasome sekondari Afrika Kusini.

Alikuwa mtu mzima alipoingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Hata hivyo bahati yake haikudumu. Chama cha makaburu kilikuwa kimeshika madaraka mwaka 1948, na mwaka uliofuata serikali ilikataa kumwongezea kibali cha kuishi nchini humo. Wanafunzi wenzake walipinga, lakini haikusaidia. Akarudi Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo hivi sasa, akashiriki kuanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika wa sekondari, NESAM. Polisi wakamkamata na kumhoji kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 1950 alipelekwa Chuo Kikuu cha Lisbon. Katika mji huo mkuu wa dola iliyowatawala, vijana wachache kutoka makoloni walikuwa wakikutana na kuulizana habari za nyumbani: Agostinho Neto wa Angola, Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau, Marcelino dos Santos wa Msumbiji. Wareno waliwaleta wawe raia wema wa Ureno, nao wakatoka humo viongozi wa vita vya ukombozi. Mondlane, akiandamwa na polisi wa siri, alikaa mwaka mmoja tu, kisha akapata nafasi ya masomo Marekani.

Huko alitulia. Alihitimu shahada ya kwanza katika chuo cha Oberlin mwaka 1953, akaendelea hadi uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, aliotunukiwa mwaka 1960. Alimwoa Janet Johnson, Mmarekani mweupe, mwaka 1956. Tangu 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa, idara iliyoshughulikia nchi za udhamini, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Ndiko alikofahamiana na Mwalimu Julius Nyerere. Baada ya kuitembelea Msumbiji mwaka 1961 aliacha kazi hiyo, akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, na Juni 25, 1962 FRELIMO ilipozaliwa Dar es Salaam kwa kuunganisha vyama vitatu, yeye akachaguliwa kuiongoza.

Jambo la kwanza walilolishika yeye na mkewe lilikuwa shule. Taasisi ya Msumbiji, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963 chini ya Mama Janet, ilikusudiwa kuwapa vijana wakimbizi elimu ya sekondari na kuwatayarisha kwa vyuo vikuu vya nje. Vijana walifika kwa miguu na kwa malori, wengi wao wakiamini kuwa Dar es Salaam ni kituo tu cha njiani kuelekea Ulaya au Marekani. Nani angewalaumu? Kiongozi wao mwenyewe alikuwa amepita njia hiyo.

Septemba 25, 1964 vita vikaanza Cabo Delgado, na mambo yakabadilika. Kambi ya kwanza kubwa ilikuwa Kongwa, kisha ikaja Nachingwea, karibu zaidi na mto Ruvuma, mahali palipo na lile eneo linaloitwa Farm 17. Samora Machel, aliyekuwa muuguzi kabla ya kwenda kupata mafunzo Algeria, ndiye aliyeijenga kambi hiyo. Watu wa makabila yote walichanganywa, wakalima chakula chao wenyewe, na wasiojua kusoma wakafundishwa. Kwa namna yake Nachingwea nayo ilikuwa chuo, ila chuo hicho hakikutoa cheti.

Hapo ndipo swali lilipozuka. Mwaka 1966 uongozi wa FRELIMO uliamua kwamba mwanafunzi yeyote anaweza kutakiwa akatishe masomo na kutumikia mapambano. Waliokuwa vyuoni Marekani na Ulaya walipoambiwa warudi, baadhi walikataa waziwazi. Walidai kwamba nchi itakapopata uhuru itahitaji wahandisi na madaktari, si makaburi ya wasomi, na wengine wakawashuku viongozi kuwa wanataka kuwaondoa wale watakaowazidi elimu. Dk. Mondlane hakukubaliana nao.

Inafaa kukumbuka kwamba mwenyeji wake, Mwalimu Nyerere, alikutana na jambo la namna hiyo mwaka huo huo. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400 na kuwarudisha makwao. Akapunguza pia mshahara wake mwenyewe. Wengi walirudishwa baadaye, na miezi michache tu ikapita kabla ya Azimio la Arusha.

Hali ya Mlimani ikageuka haraka. Mwaka 1968 kikundi cha wanafunzi wa chuo hicho, akiwamo Yoweri Museveni, kilisafiri hadi maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji kujionea vita kwa macho. Hivyo Mtanzania na Mganda wa Mlimani walitamani kuvuka Ruvuma, ilhali baadhi ya Wamsumbiji wa Kurasini walitafuta njia ya kuikwepa.

Si wote, hata hivyo. Msichana Josina Muthemba, aliyekuwa akifanya kazi na Mama Janet katika Taasisi, alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi. Aliikataa. Mwaka 1967 akaenda Nachingwea na kikosi cha kwanza cha wanawake. Baadaye aliolewa na Samora, akafariki dunia Aprili 7, 1971 akiwa na umri wa miaka 25.

Taasisi yenyewe ililipuka Machi 1968. Padri Mateus Gwenjere, aliyekuwa ameingia Dar es Salaam mwaka uliotangulia, aliwatia moyo wanafunzi wapinge agizo la kwenda vitani na kuwakataa walimu weupe. Kukawa na ghasia, polisi wakaingia, shule ikafungwa. Wanafunzi wengi walitorokea Kenya. Walimu wenye asili ya Kireno waliamriwa kuondoka Tanzania, na mwezi Mei ofisi ya FRELIMO ilivamiwa na Mateus Muthemba akauawa.

Ni rahisi leo kuwaita wanafunzi wale wasaliti. Mwandishi haoni hivyo. Kijana aliyetembea wiki nzima porini akitafuta shule ana haki ya kuuliza shule iko wapi, na Dk. Mondlane, aliyekuwa ameshamaliza masomo yake alipoingia vitani, hakuwa na jibu jepesi. Alikuwa na haki katika hoja yake, kwani vita vya wakulima peke yao vingewaacha wasomi wakija kupokea nchi kama wageni waalikwa. Alichochelewa ni kuona jinsi hoja hiyo ilivyosikika kwa mtu wa miaka 18 inapotoka kinywani mwa daktari wa falsafa.

Hakupata muda wa kulirekebisha hilo. Februari 3, 1969 alichukua barua na vifurushi vyake, akaenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay. Kifurushi kimoja kilikuwa na kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani likamuua papo hapo. Wengi wanaamini kwamba PIDE, polisi wa siri wa Ureno, walihusika. Alizikwa Dar es Salaam, na baada ya uhuru mabaki yake yakahamishiwa Maputo. Kitabu chake kuhusu mapambano ya Msumbiji kilichapishwa mwaka huo huo, naye hakukiona.

Uongozi ulimwangukia Samora mwaka 1970, na mtu wa Nachingwea akawa rais wa chama. Mei 1975 alivuka Ruvuma kuanza safari ya kuelekea Maputo, na uhuru ukatangazwa Juni 25. Chuo kikuu ambacho Wareno walikiacha huko, kilichokuwa na Waafrika weusi wachache mno, kilipewa jina la Eduardo Mondlane Mei 1976. Mwaka uliofuata, Machi 8, 1977, serikali ya Samora iliwaagiza maelfu ya wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari wakatishe masomo, wakapangiwa kazi, wengi wao kama walimu, mahali ambapo wageni walikuwa wameondoka. Hadi leo Msumbiji inawaita Kizazi cha Machi 8.