BAKHITA: ALISAMEHE, LAKINI ALIKATAA KURUDI

Leo nawaletea maisha ya dada mmoja wa Kiafrika ambaye jina lake wengi tunalisikia, manake kuna mashule na zahanati zimeitwa kwa jina lake, na wapo mabinti kibao waliobatizwa hilo jina. Ila ukimuuliza mtu huyo Bakhita alikuwa nani, wengi wanaishia kusema ni mtakatifu, basi. Anaitwa Josephine Bakhita, mzaliwa wa Sudani, aliyefariki mwaka 1947.

Nimemchagua kwa sababu vijana wengi tuna ugonjwa mmoja. Mtu akishatendwa, iwe na mpenzi, na mzazi, au na ndugu aliyemlea kwa kipigo na matusi, anajifunga moyo. Akija mtu wa kumpenda kweli anamuona naye tapeli tu. Ukienda kanisani unaambiwa samehe na usahau. Sasa hivi kweli, kusahau kunawezekana? Na je, kusamehe maana yake urudi kwa yule yule? Tumuangalie huyu dada, manake aliyopitia ni mazito kuliko ya wengi wetu.

MTOTO ALIYEPOTEZA JINA

Bakhita alizaliwa karibu mwaka 1869 kijiji cha Olgossa huko Darfur, magharibi ya Sudani, kabila la Wadaju. Kwao hawakuwa watu wa shida. Baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji, na nyumba ilijaa kaka na dada. Huzuni ya kwanza iliingia pale dada yake mkubwa alipotekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Huku kwetu soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini kule Sudani watoto waliendelea kuchukuliwa kama mbuzi.

Zamu yake ilifika karibu mwaka 1877, akiwa na miaka kama minane hivi. Wanaume wawili walimkuta nje ya kijiji, wakamtisha kwa silaha, wakaondoka naye. Walipomuuliza jina lake, mtoto wa watu alikuwa na hofu kiasi kwamba jina halikutoka. Ndipo wakamwita Bakhita. Kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati, na hilo neno ni ndugu kabisa na bahati yetu ya Kiswahili. Hebu fikiria, umemtoa mtoto kwa mama yake halafu unamwita Bahati! Jina alilopewa kwao halikumrudia tena kichwani mpaka anaingia kaburini.

Alitembezwa pekupeku karibu kilomita 960 mpaka mji wa El Obeid, na njiani tu alishauzwa mara mbili. Kuna wakati alitoroka na msichana mwenzake, wakakimbia usiku porini, wakaishia mikononi mwa mtu mwingine aliyewafungia pamoja na kondoo wake kisha akawauza.

CHALE 114

Pale El Obeid tajiri mmoja alimnunua awatumikie mabinti zake. Siku moja alimkosea kijana wa kiume wa yule tajiri. Alipigwa vibaya mno, mwezi mzima hakuweza kuinuka kitandani kwake kwenye majani makavu.

Baadaye akauzwa kwa jenerali wa jeshi la Kituruki. Huko mke na mama wa jenerali walikuwa na mjeledi mkononi muda wote. Kilichomuumiza kuliko vyote ni siku walipoamua kumchanja. Mwanamke mwenye kazi hiyo alichora mistari mwilini kwa unga mweupe, akapita juu yake na wembe, kisha majeraha yakasuguliwa chumvi ili makovu yabaki. Chale 114! Tumboni, kifuani na mkono wa kulia. Alikuwa bado binti mdogo, na makovu hayo aliyabeba maisha yake yote.

Nataka mlione hili kwanza kabla hatujaenda kwenye mapendo. Huyu sio mtu aliyesikia habari za maumivu. Mwili wake wenyewe ulikuwa umeandikwa.

BOSI MPOLE NAYE NI BOSI

Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na Callisto Legnani, aliyekuwa makamu wa konseli wa Italia. Huyu hakumpiga. Kwa mara ya kwanza tangu atekwe aliishi bila mjeledi. Vita vya Mahdi vilipokaribia Khartoum, mwisho wa mwaka 1884, Legnani aliamua kukimbia na Bakhita akamwomba amchukue. Wakapanda ngamia mpaka bandari ya Suakin, Bahari ya Shamu, na mwaka 1885 wakafika Genoa, Italia.

Alipofika Genoa alitolewa zawadi. Ndiyo, zawadi, kama kitenge! Alipewa mke wa Augusto Michieli, rafiki wa Legnani, akapelekwa kwao Zianigo karibu na Venice. Akawa yaya wa mtoto wao Alice aliyezaliwa mwaka 1886, wakimwita Mimmina. Bakhita na huyu mtoto walipendana sana. Chakula kipo, nguo zipo, kipigo hakuna. Wengi wetu tungesema basi, dada amepona.

Bado. Bosi mpole naye ni bosi. Bakhita alipendwa pale kama mtu anavyopenda kitu chake kizuri, na hakuna siku aliyoulizwa yeye mwenyewe anataka nini.

Msimamizi wa mali wa familia ile, mzee Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakumjua aliyepo pale msalabani, ila aliutunza kwa siri asije akanyang'anywa. Tangu utotoni alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza mwenye vitu hivi vyote ni nani.

Kisha Michieli akanunua hoteli Suakin na familia ikaamua kuhamia huko. Wakati mama mwenye nyumba yuko safarini kuweka mambo sawa, tarehe 29 Novemba 1888 Bakhita na Mimmina waliachwa Venice kwa masista Wakanossa, kwenye nyumba yao ya wakatekumeni. Hapo ndipo alipoelezwa yule wa msalabani ni nani.

BWANA MWENYE MAKOVU

Bakhita alikuwa amepita kwa mabwana kadhaa. Neno bwana kwake lilikuwa na maana moja tu: mtu mwenye haki ya kukuumiza. Sasa masista wanamwambia kuna Bwana wa wote, na huyo Bwana mwenyewe alivuliwa nguo, alichapwa mijeledi na kutobolewa mwili. Kwa mtu mwenye chale 114 hiyo sio habari ya kawaida. Bwana aliyekuwa upande wa wenye mijeledi amemzoea, lakini Bwana aliyepigwa mijeledi hajawahi kumsikia. Zaidi ya hapo anaambiwa kwamba huyo anamjua, na alimpenda hata kabla hajazaliwa. Maisha yake yote yaliyobaki alimwita Mungu kwa neno la lahaja ya Veneto, Paron, yaani bwana. Neno ni lile lile la zamani, ila mwenyewe amebadilika.

Mama Michieli aliporudi kuwachukua, Bakhita alikataa. Alibembelezwa, aliambiwa hana shukrani, lakini hakutetereka. Kumuacha Mimmina kulimuuma sana, manake mtoto hakuwa na kosa. Hata hivyo alisema habadili msimamo. Kesi ikawafikia patriaki wa Venice na mwanasheria wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, hivyo Bakhita ni mtu huru. Alikuwa na miaka kama 20, na kwa mara ya kwanza tangu utoto alichagua mwenyewe pa kuishi. Akabaki kwa masista.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akaitwa Josephine Margaret pamoja na Fortunata, ambalo ni lile lile la mwenye bahati. Jina la kejeli la watekaji hakulitupa, likaingia naye kwenye maji ya ubatizo. Tarehe 8 Desemba 1896 aliweka nadhiri za utawa.

MAISHA YA JIKONI NA MLANGONI

Mwaka 1902 alihamishiwa mji wa Schio. Hakuwa mtu wa makuu. Alipika, alidarizi, alitunza sakristia, na baadaye akawa sista wa mlangoni. Watoto wa shule na maskini waliogonga mlango walikutana na yeye kwanza. Watu wa Schio walimwita Madre Moretta, mama mweusi. Mwaka 1931 kitabu cha maisha yake kilitoka na jina lake likavuma Italia nzima, wakawa wanakuja watu kumtazama.

Sasa kuna jambo alilowahi kusema ambalo linawakera baadhi ya watu mpaka kesho. Alisema kwamba angekutana na waliomteka, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu bila hayo yaliyotokea asingekuwa Mkristo wala mtawa. Wapo wanaosema huko ni kuutetea utumwa. Mimi sioni hivyo. Mtu anayetetea utumwa angepanda meli kurudi Suakin. Huyu alisimama mbele ya wakubwa akasema hapana. Alisamehe akiwa amekwisha kutoka mikononi mwa waliomuumiza, akiwa huru, bila kulazimishwa na yeyote.

Kwa hiyo dada au kaka unayeambiwa umerudie anayekupiga kwa sababu Mkristo lazima asamehe, mkumbuke Bakhita. Alisamehe wote na hakurudi kwa hata mmoja.

MINYORORO YA MWISHO

Kuhusu kusahau, soma na hili. Miaka ya mwisho alikuwa mgonjwa, anatembezwa kwenye kiti cha magurudumu. Siku zake za mwisho akili yake ilirudi utumwani, na akamwomba sista aliyekuwa akimuuguza ailegeze minyororo kidogo maana ilikuwa mizito. Zaidi ya nusu karne ya uhuru na sala, lakini minyororo bado ilikuwepo kwenye kumbukumbu! Alifariki Schio tarehe 8 Februari 1947, akimtaja Mama Maria, akiwa amezungukwa na masista wenzake.

Mimi hapo napata nguvu sana. Manake wengi tunadhani tukiota ndoto mbaya au machozi yakitoka bado, basi hatujasamehe au imani yetu ndogo. Mtakatifu mzima alilia minyororo kitandani. Tofauti ni kwamba utotoni alipoilia hakuwepo wa kumsikiliza, na safari hii alikuwepo mtu pembeni akimuuguza. Kupokea upendo kwake kulikuwa ni kukubali kushikwa mkono huku maumivu yapo.

Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1992 na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Mwaka 2007 Papa Benedikto wa 16 alimtaja kwenye barua yake kuhusu tumaini. Tangu 2015 Kanisa Katoliki linaitumia tarehe 8 Februari, siku aliyofariki, kuwaombea wanaouzwa na kusafirishwa kama bidhaa, manake biashara hiyo bado ipo, wakiwemo mabinti wanaoahidiwa kazi za ndani mbali na kwao kisha wakanyang'anywa pasipoti.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe uliyeumizwa, kipi kigumu zaidi: kumsamehe aliyekuumiza, au kumwamini huyu wa sasa anayekupenda kweli? Na ungekuwa Bakhita, ungewabusu mikono wale jamaa? Tuambizane bila matusi.